Mtoto Aliyempa Kila Mtu Mkono

Mimi huhesabu watoto. Nahesabu wakiingia asubuhi, nahesabu wakinywa uji, nahesabu wakitoka chooni. Jioni nikiwa nyumbani Bangwe nachambua mchele, najikuta nahesabu tena kimoyomoyo, mmoja, wawili, watatu, mpaka nifike sita. Mume wangu aliwahi kuniuliza nahesabu nini. Nilimjibu vibaya, akaacha kuuliza.

Sikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilipohamishiwa kitengo cha elimu maalumu nilikuwa na miaka kumi na minane kazini na sauti ya kunyamazisha darasa la nne zima bila kunyanyuka kitini. Woga niliujua kwa kusikia habari zake tu. Kitengo chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, upande unaotazama njia ya kuteremka ziwani. Kina watoto sita, mimi, na mama mlezi, mtu mzima aliyenizidi umri, ambaye alipika uji, alibadilisha nguo zilizoloa, na alijua mambo mengi kuliko vitabu vyangu vya mafunzo. Watoto wetu ni wale ambao akili zao zinakwenda kwa mwendo wake. Wengine wana mtindio wa ubongo, wengine usonji, wengine hakuna daktari aliyewahi kutuambia wana nini.

Kazi za siku ukizitazama dirishani utasema ni mchezo. Tunafunga vifungo na kuvifungua. Tunatenga maharage mekundu na meupe. Tunafua soksi moja, kila mtoto na soksi yake, na soksi hiyo inaweza kutuchukua wiki tatu. Walimu wenzangu wa upande wa pili walizoea kuliita darasa letu "kule kwa kupumzika." Niliwakaribisha waje wapumzike nusu saa. Alikuja mmoja tu, na hakufika nusu saa.

Katika sita wale alikuwamo binti mmoja. Alikuja kwetu akiwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye usonji, hasemi neno wala haitiki akiitwa. Ukimfungulia mlango alikuwa amekwenda. Hakukimbia kwa utundu, alikwenda tu, kama mtu mwenye safari yake, na barabara na pikipiki na ziwa vyote kwake vilikuwa njia. Ukimshika alipiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na akiweza alikung'ata. Nina alama hapa kwenye kiganja.

Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja pale Mwanga, karibu na soko. Siku niliyokwenda kumtembelea mara ya kwanza nilikuta amemfunga mwanawe kwa kanga, kiunoni, na ncha ya pili ameifunga kwenye mguu wa cherehani. Nilipandwa na hasira. Nilimsema yule mama mbele ya wateja wake, nikataja haki za mtoto na yote niliyofundishwa kwenye semina. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya pedeli. Kisha akaniuliza, "Sasa Mwalimu, ungekuwa wewe ungemfanyaje?"

Jibu langu lilikuwa kuzidisha sauti.

Lakini swali lile lilinikaa. Nikaazimia kwamba yule mtoto lazima ajifunze jambo moja kabla ya soksi na vifungo vyote: akiambiwa "Twende," atoe mkono na aende. Nilisimama mlangoni kila siku, nikanyoosha mkono, nikasema "Twende." Akigusa kidole changu, anapata karanga. Kesho yake karanga haitoki mpaka aguse kiganja. Baada ya hapo hatua moja, halafu mbili. Siku alizolia, mama yake alikuja juu, na mimi nilimwambia, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwache alie." Yule mama alirudi kwenye nguo zake, na mimi nikarudi mlangoni.

Ilichukua karibu mwaka mzima. Asubuhi moja nilinyoosha mkono, nikasema neno langu, na vidole vyake vikaingia katika vyangu, vikavu na vyepesi. Tukatembea mpaka kwenye mlingoti wa bendera na kurudi. Mama mlezi alipiga kigelegele hadi Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kuona kuna nini.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la mtu aliyesomea kazi. Mtu asiyesomea asingeweza kulifanya. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akifanya jambo kwa mwalimu mmoja tu, bado hajalijua. Anamjua mwalimu. Lazima ubadilishe watu, mpaka alifanye kwa kila mtu. Basi nikabadilisha. Nilimleta mama mlezi, akapewa mkono. Nikawaleta walimu wa upande wa pili, mmoja mmoja. Nikamleta mlinzi, mama muuza maandazi wa getini, fundi aliyekuja kuziba bati. Wageni walipokuja kukagua shule nilimwita binti mbele na kumwambia mgeni, "Nyoosha mkono, sema Twende." Binti alikwenda na mgeni mpaka mlangoni, na wageni wakanipigia makofi. Nilivimba kichwa, sikatai. Kwenye mpango wake wa mafunzo, kwenye mstari wa mafanikio, niliandika kwa mkono wangu: Anamfuata mtu mzima yeyote bila kulia.

Nani angeona ubaya hapo? Kwetu mtoto akisifiwa, husifiwa kwa hilo. Mtoto mtiifu, mtoto asiye na shida, mtoto wa watu wote.

Kila Alhamisi tulikuwa na somo la soko. Tuliteremka na watoto hadi Katonga, mwaloni, ambako wavuvi wanashusha samaki na akina mama wanaanika dagaa. Kila mtoto alichagua fungu lake, akatoa hela, akapokea mfuko. Tulikwenda na kamba ndefu yenye mafundo sita, na kila mtoto hushika fundo lake mpaka turudi. Binti pekee alikuwa amehitimu kamba. Yeye nilimshika mkono, kwa fahari, watu waone.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa kali na mwalo umejaa. Mtoto wetu mmoja, mvulana mkubwa mwenye ulimi mzito, alifika kwa muuza dagaa, akaonyesha fungu alilotaka. Yule mwanamke akamwekea jingine, lililobaki chini, nusu mchanga, akamwambia mwenzake, "Huyu naye anajua nini?" Nilisikia. Nimeshasema nina sauti, na hasira zangu ziko karibu. Nilianza kumwambia yule mwanamke anayostahili kuambiwa, na ili nimwambie vizuri nilihitaji kidole cha kumnyooshea. Nikauachia mkono wa binti.

Sijui ilikuwa muda gani. Mpaka leo najaribu kuupima. Niliongea, akajibu, nikaongea, akacheka, akabadilisha fungu. Nilipogeuka kuushika tena mkono wa binti, haukuwepo.

Nilihesabu. Watano kwenye kamba. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, kama vile wangeongezeka.

"Mama, yuko wapi?" nilimuuliza mama mlezi.

"Si ulikuwa naye wewe?"

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ukanichoma. Akawakalisha wale watano kwenye mchanga, kamba akaizungusha kiunoni mwake mara mbili. "Nenda," akasema. "Mie sitoki hapa."

Niliogopa maji kwanza. Nilikimbia ukingoni nikitazama kila kitu cha bluu, kwa kuwa sare yetu ni bluu, na siku hiyo dunia nzima ilikuwa ya bluu: ndoo, maturubai, mitumbwi iliyopakwa rangi, ziwa lenyewe. Niliita jina lake. Unaelewa ni kazi gani kumwita mtoto ambaye hajawahi kuitika? Unaita ili kinywa kifanye kitu. Niliwauliza wanawake wa dagaa kama wamemwona msichana wa sare. Mmoja alisema amepita, mwingine akasema hajapita, wa tatu akaniuliza, "Anaitwa nani, tumwite?" Nikaendelea kukimbia.

Halafu nikafikiri jambo jingine. Maji hayasemi "Twende." Watu ndio wanaosema. Na mimi nilikuwa nimemfundisha, kwa karanga na kwa makofi, amfuate kila mtu. Nilisimama katikati ya mwalo ule nikawatazama watu wazima walionizunguka, wanaume kwa wanawake, mamia, na kila mmoja alikuwa na mkono. Nilimwogopa kila mmoja wao. Nilimwogopa mzee aliyebeba samaki wa migebuka, nilimwogopa mama mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa naishi na watu hawa miaka yote na sikuwahi kuwaogopa.

Upande wa juu wa mwalo kulikuwa na boti la abiria likipakia kwenda vijiji vya kusini. Pale hakuna gati. Boti husimama mbali kidogo, maji yakiwa ya kiunoni, na watu huingia majini na mizigo yao. Watoto hawaachwi wajivushe. Mtu wa kwanza ufukweni humshika mtoto, humpa wa pili aliye majini, wa pili humpa wa tatu, na aliye ndani ya boti humpokea na kumkalisha. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilipitishwa hivyo, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Mwenye mtoto yumo humohumo, atamtafuta kwa macho baadaye.

Boti lilikuwa limeshasukumwa. Injini ilikuwa inakohoa. Na juu ya gunia la unga, katikati ya wanawake wawili, niliona kola nyeupe na shingo nyembamba.

Nilipiga kelele, injini ikaimeza sauti yangu. Ile sauti yote niliyojivunia haikufika popote. Nikaingia majini na viatu na mkoba, nikaenda mpaka maji yakanifika kifuani, napunga mikono. Mchukuzi mmoja aliyekuwa anarudi ufukweni akageuka, akawapigia mluzi. Injini ikazimwa.

"Huyo mtoto!" nilisema. "Huyo wa sare! Ni wangu!"

Wale wanawake wawili wakatazamana. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Kwani si wako?"

"Mana yanje, Mungu wangu! Mie nilijua ni wa yule dada wa mbele."

Dada wa mbele akageuka na watoto wake watatu, akasema yeye wake ni hawa tu. Nadhani kila mmoja wao aliona pale pale mahali ambapo yule mtoto angeshushwa jioni, kijiji asichokijua, hana neno la kusema yeye ni nani wala anatoka wapi.

Mchukuzi alikuwa kijana mwenye mabega mapana. Aliogopa, nikaona ameogopa, akaanza kujieleza. "Mama, alikuwa amesimama kwenye foleni ya watoto. Nikamwambia twende, akatoa mkono. Mtoto mzuri jamani. Hata hakulia."

Nilifika ubavuni mwa boti. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Twende."

Akautoa. Aliutoa upesi, macho yapo kwenye maji, hakunitazama. Vidole vikavu na vyepesi kama siku zote, na pengine kama alivyompa mchukuzi, na yule wa pili, na wa tatu. Ningetaka kusema nilishukuru Mungu. Nilishukuru baadaye. Wakati ule niliushika mkono ule nikatambua kwamba hakuwa ananijua mimi kuliko alivyowajua wao.

Mwalimu Mkuu alinishauri ninyamaze. "Mtoto amepatikana, mzima," alisema. "Kumpandisha mama presha kwa ajili ya nini?" Mchana ule mama alipokuja kumchukua, aliitazama sketi yangu. "Mwalimu, umeloa," akasema. Nikamwambia tulikuwa ziwani. Si uongo. Lakini haikuwa kweli yote. Jumamosi nilipanda kwenda Mwanga.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa kwenye benchi lake. Cherehani ilisimama. Nilisubiri matusi, na kwa kweli niliyataka.

"Nani alimpandisha?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Walipokezana tu."

"Alilia?"

"Hapana. Hakulia."

Akaweka paji la uso juu ya cherehani. "Bora angelia," alisema. "Angelia, mtu mmoja angeuliza."

Kisha akasema labda ilikuwa kelele za mwalo, labda mtoto alichanganyikiwa. Alitaka kuona kwa macho yake. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mkulima wa michikichi kijijini, ambaye binti hakuwahi kumwona. Jumatatu yule mjomba akaja na madumu yake ya mawese aliyoyaleta kuuza, akayaacha kwa mlinzi, akasimama getini wakati wa mapumziko. Mimi na mama yake tulikuwa darasani, nyuma ya dirisha, bega kwa bega. Binti alikuwa kwenye kivuli cha ukuta anazungusha kifuniko cha chupa.

Mjomba akanyoosha mkono. Tuliona mdomo wake tu ukisema.

Binti akaweka kifuniko chini, akampa mkono, wakatoka getini. Wakavuka barabara. Mama muuza maandazi aliwatazama, akaendelea kugeuza maandazi yake. Bodaboda wanne walikuwa pale, hakuna aliyenyanyua kichwa. Wakapotea nyuma ya kibanda cha vocha, na yule mama pembeni yangu akashika nondo za dirisha. Najua ni mjomba. Najua tulikubaliana arudi baada ya kibanda. Hata hivyo walipotokea tena nilikuwa nimeuma mdomo damu inatoka.

Mjomba alimkabidhi kwetu, uso umemshuka. "Dada," alimwambia mama, "hata usoni hakuniangalia."

Mama alikaa kwenye kile kiti kidogo cha darasani, magoti juu. "Mwalimu," akasema, "mfundishe akatae."

Nikaanza kumweleza habari za kutofautisha, kadi za picha, nyuso za watu wa nyumbani, kwamba pengine baada ya mwaka mmoja au miwili ataweza kujua huyu afuatwe na huyu asifuatwe. Akanikatiza. Hakuwahi kunikatiza kabla.

"Miaka miwili mie sina. Akatae watu wote."

"Na wewe je?"

"Hata mie."

Nikamwambia atalia tena kama zamani, atarudi kule kule kwenye mayowe, kazi yote itapotea. Akanitazama. "Si wewe ulisema mchelea mwana kulia hulia yeye? Basi sasa usimchelee."

Nilianza kubomoa nilichojenga. Kwangu ilikuwa kama kufumua sweta nililolifuma mwenyewe, na sweta lenyewe limependeza. Mtu akisema "Twende," binti alitakiwa aweke mikono nyuma, mgongoni. Mama mlezi alisimama nyuma yake akimsaidia kuipeleka huko, mimi mbele nikisema lile neno na mkono wangu umenyooka. Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa moja: aliyekataliwa lazima apige makofi papo hapo, aseme "Vizuri sana," na uso wake usionyeshe kuumia, kwa sababu mtoto huyu hasomi maneno ila uso ukikunjamana anauona. Miezi ile Alhamisi sikuwapeleka watoto Katonga. Nilitoa visingizio vya mvua kabla mvua hazijaanza.

Kwanza hakuelewa. Tulikuwa tumemwambia mkono ni mzuri, sasa tunamwambia mkono ni mbaya. Alitutazama, mara hii alitutazama hasa, akalia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kilio cha chini bila mayowe. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia na mimi. Kisha nikarudi nikanyoosha mkono tena.

Mvua za kwanza zilipoanguka alikuwa anakataa. Alinikataa mimi, alimkataa mama mlezi, alimkataa mlinzi. Tukamwita mjomba tena.

Safari hii mama hakuja. Alikuwa na nguo za harusi za watu, alisema atakuja jioni, ila nadhani aliogopa lile dirisha. Nilisimama peke yangu. Mjomba akafika getini, akanyoosha mkono. Binti akaweka mikono nyuma. Mjomba, kama tulivyomwambia, akasogea, akasema mara ya pili, akamgusa bega.

Yale mayowe yalisikika mpaka sokoni, sina shaka. Binti alijitupa chini, na kabla sijafika mlangoni bodaboda wanne walishakuwa sita. Mama wa maandazi alikuwa ameshika mwiko wa moto. "Mwizi wa watoto!" mtu alipiga kelele, na neno lile likiishasemwa mtaani mtu hana muda wa kujieleza. Mmoja alimkamata mjomba shati, mwingine akaokota tofali. Mjomba hakupigana. Alikuwa anasema tu, "Mie mjomba wake, mie mjomba wake," na nani angeamini, wakati mtoto mwenyewe anamkimbia kwa mgongo kwenye vumbi?

Nilikimbia. Nilijiweka kati yao, mgongo wangu kwenye kifua chake, na kwa mara ya kwanza tangu Katonga sauti yangu ilifanya kazi. Niliwatukana, niliwaamuru, niliwaita kwa majina, maana wengine niliwafundisha darasa la nne. Tofali likashuka. Shati la mjomba lilikuwa limechanika mpaka kiunoni. Ningemuua mtu kwa somo langu. Lakini pia niliwatazama wale vijana, wale wale ambao siku ya kwanza hawakunyanyua vichwa, na nikamshukuru kila mmoja kimya kimya, pamoja na aliyeshika tofali.

Mama alifika saa kumi na moja. Wengine watano walishachukuliwa. Mjomba alikuwa amekaa darasani na koti la mlinzi mabegani. Dada yake alimtazama lile shati, na kabla sijafungua mdomo alielewa. "Alikataa?" akauliza. Nikamwambia alikataa. Akacheka huku amefunika mdomo, akampa pole mdogo wake kwa Kiha, akamgusa shavu.

Kisha akatoka uani, alikokuwa mwanawe. Nyumbani miezi ile alikuwa anamwongoza kwa kutangulia na mtoto kufuata nyuma, bila kusema lile neno, maana mimi ndiye niliyemzuia asilitumie mpaka nimalize. Siku hiyo alilisema. Sikumtuma. Alisimama mbele ya mwanawe, mavumbi ya kitambaa yamemjaa kwenye mikono, akanyoosha mkono wake wa kulia, akasema taratibu, "Twende, mwana wanje."

Binti aliutazama ule mkono. Aliutazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama wangu, na nilijikuta naomba, sijui niliomba kitu gani, autoe au asiutoe. Kisha akapeleka mikono yake nyuma, mmoja halafu wa pili, akaifungia mgongoni.

Mama yake akapiga makofi. "Vizuri sana," alisema, na uso wake haukuonyesha kitu. "Vizuri sana, mama." Aliendelea kupiga, bila kuacha, mpaka nikamwendea nikaishika mikono yake yote miwili na kumwambia inatosha.